Dakika Kumi na Moja za Mama Subilaga

Gogo halikumwangukia Mama Subilaga. Lilimbana. Wafanyakazi wa kiwanda cha mbao walilirudia hilo mara tano kabla Sajini Tumpale hajashuka vizuri kwenye gari, kana kwamba kubanwa ni nafuu. Magogo manne ya mpaini yalikuwa yameteleza kutoka kwenye lori wakati mama wa watu anagawa chai ya saa nne. Matatu yalijiviringishia yalikotaka. La nne lilimsukuma hadi kwenye ukuta wa stoo, likatulia palepale, kwenye tumbo lake. Mkononi alikuwa bado ameshika kikombe, na chai ilikuwa bado ndani.

Watu wa Itundu walishazoea kwamba ukiwapigia zimamoto simu hawaji na maji tu. Gari la pili, lile jeupe lenye mstari mwekundu, ni la kitengo cha tiba. Lina machela, lina oksijeni, na lina kisanduku cha chuma chenye kufuli ambacho mtaani wanakiita friji. Humo ndimo inamokaa dawa ya usitisho. Hilo ndilo jina la kwenye karatasi. Wenyeji wao wanasema tu fulani kagandishwa, na ukisikia hivyo unajua mambo si madogo.

Tumpale alipiga magoti kwenye maranda ya mbao. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka thelathini na minane, mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, na katika miaka kumi na minne ya kazi alishajifunza kutazama uso wa mgonjwa kabla ya jeraha. Uso huu ulikuwa umetulia. Hilo ndilo lililomtisha. Aliingiza mkono chini ya gogo, akapapasa, akaelewa. Gogo lile ndilo lilikuwa kizibo. Mara likiondolewa, damu yote ya tumboni itatafuta pa kutokea, na hapo hata wangekuwa na daktari bingwa ndani ya gari asingewahi.

Alimwambia Mbonea, dereva na mwenzake wa zamu, afunge jeki ya hewa lakini asiinue kitu hadi asikie amri. Mbonea akajipenyeza chini ya gogo, akawasha injini ya jeki, na kelele ikajaa uwanja mzima. Katika kelele hiyo Tumpale alimsogelea mgonjwa sikioni, kwa sababu sheria inasema mwenye fahamu zake hagandishwi bila kuulizwa.

Alimweleza kwa ufupi. Kwamba atamchoma sindano ya shingoni. Kwamba moyo utapiga mara moja kila baada ya dakika mbili, na damu itakuwa nzito kama uji wa jana. Kwamba hatasikia maumivu wala ndoto kwa siku tatu, na ndani ya siku hizo madaktari wa hospitali kubwa watajaribu kumtengeneza.

Mama Subilaga alisikiliza huku akimtazama kama anayepangiwa bei ya nyanya. Kisha akauliza, na je, wakishindwa?

Tumpale akamjibu kwamba wakishindwa atamwamsha yeye mwenyewe, kwa zile dakika kumi na moja.

Hakuna mtu mzima mjini asiyejua habari za zile dakika. Dawa ikiondolewa, mwili unachoma akiba yake yote ya mwisho kwa mkupuo. Mtu anaamka akili ikiwa safi, haumwi popote, anaongea kama wewe na mimi. Halafu anakwisha. Kumi na moja, pengine kasoro kidogo, haijawahi kuzidi.

“Sikiliza, mwanangu,” alisema Mama Subilaga. “Kwetu sisi mgonjwa haambiwi. Mume wangu aliondoka huku anaambiwa kesho anaruhusiwa. Mimi hivyo sitaki. Ukinilaza na mambo yakawa mabaya, uniambie. Kama huwezi, niache hapahapa na gogo langu.”

“Nitakuambia, Mama.”

“Usiseme nitakuambia kama unayeniahidi kanga. Sema kweli.”

“Nitakuambia kweli,” alisema Tumpale, na alimaanisha.

Mama Subilaga akampa kile kikombe, taratibu, isimwagike. Tumpale alikiweka chini, akafungua friji, akamchoma. Uso wa mama ukapoteza rangi, ukawa wa kijivu, macho yakajifumba yenyewe. Ndipo akampigia Mbonea kofi la mguuni kumwashiria ainue.

*

Siku ya tatu asubuhi hospitali ilimrudisha kituoni. Ini lilikuwa limesagika, na nyuma yake mshipa mkuu umechanika mahali ambapo hata ile mikono ya mashine, yenye vidole vyembamba kuliko sindano ya cherehani, haikupata pa kushonea. Daktari aliyeleta taarifa alikuwa na macho mekundu. Aliomba samahani kana kwamba ni kosa lake, watu wa kituo wakampa pole.

Sheria inakataza mtu kufia ndani ya usitisho. Lazima aamshwe. Na aliyelaza ndiye huamsha; utaratibu huo waliutunga watu wa zimamoto wenyewe baada ya kuumbuka mara kadhaa mwanzoni. Mgonjwa hulala na sauti ya mwisho aliyoisikia. Akiamshwa na sauti nyingine anashtuka, anahangaika, anauliza yuko wapi na nani huyu, na mshtuko unakula dakika tatu nzima. Ndiyo maana chumba cha kuamshia kipo kituoni na si hospitalini. Zamani kilikuwa stoo ya mipira ya maji. Wamekipaka rangi ya samawati, wameweka pazia, lakini harufu ya mpira haijatoka hadi leo.

Nyumbani kwa Mama Subilaga nako kulikuwa na kizaazaa chake. Siku ya ajali majirani walishafunga turubai. Waliposikia kagandishwa wakalifungua, maana utawekaje msiba wa mtu ambaye moyo bado unapiga? Wanawake wakabaki wanapika bila kujua wanapikia nini. Walie wasilie. Sasa siku ya tatu nguzo za turubai zilikuwa zimelazwa kwenye nyasi, na kila simu ikiita watu wanashika nguzo.

Ndugu walifika kituoni saa tatu. Mbele alikuwa Mzee Asajile, kaka mkubwa wa mgonjwa, karani mstaafu wa mahakama, koti lake limepigwa pasi hadi kwenye mifuko. Alikuja na fomu tayari ameijaza. Fomu ya ukimya. Sheria ile ile inayolazimisha kuamsha inawaruhusu ndugu kuomba mgonjwa asielezwe hali yake, na wakishasaini, mwokozi hana tena ruhusa ya kufungua mdomo. Akiufungua anavuliwa sindano. Mtu akivuliwa sindano anarudi kuosha magari, na kurudishiwa ni miaka.

Tumpale alimweleza yale ya kiwandani. Kwamba mgonjwa mwenyewe alitaka aambiwe, na kwamba alimwahidi. Mzee akauliza kwa upole, kikarani, rekodi iko wapi. Kinasa sauti kilikuwepo, kifuani mwa Tumpale, kama siku zote, ila kilikuwa kimenasa injini ya jeki mwanzo hadi mwisho. Mbonea naye hakusikia neno. Kichwa chake kilikuwa chini ya gogo. Tumpale alimpigia inspekta wake, na inspekta akasema anamwamini kabisa, lakini pasipo na rekodi fomu ndiyo sheria. Akamsihi asijiharibie.

Ungekuwa mwepesi wa hasira ungemchukia yule mzee. Tumpale alijaribu, akashindwa. Mzee Asajile alikuwa ameikunja kofia yake mikononi hadi imepoteza umbo.

“Binti,” alimwambia, “mimi nimezika wadogo zangu wanne. Hakuna hata mmoja aliyeondoka analia. Hiyo ndiyo kazi niliyobaki nayo duniani. Usininyang'anye.”

Tumpale alichukua fomu, akaiweka kwenye faili, roho inamuuma.

Kilichobaki ni kuwapa maelekezo. Hapa ana jambo lake moja, na familia zote humnunia kwa hilo. Hataki salamu ndani ya chumba. Mwaka uliopita alimwamsha mzee mmoja wa Kikumbulu, na ndugu kumi na wanne wakaingia wamepangana kwa umri, mmoja baada ya mwingine, shikamoo, marahaba, habari za safari, watoto hawajambo, na huko mvua imenyesha? Mzee akajibu zote kwa adabu zake. Dakika zikaisha yuko katikati ya kuulizia ndama. Tumpale hakulala wiki nzima kwa uchungu. Tangu hapo huwaambia watu waingie waseme walichonacho moyoni, salamu waziache mlangoni, nao humtazama kana kwamba amewaambia waingie bila nguo. Mzee Asajile naye alimtazama hivyo, kisha akakubali.

Wakati Mbonea anaandaa mashine, Tumpale alitoka nje kupunga upepo. Watoto wawili wa mgonjwa walikuwa wamesimama pande mbili za uwanja, mmoja getini, mwingine kwenye tangi la maji, kama watu wasiojuana. Wa getini ni Lusekelo, mkubwa, fundi wa mitambo ya umeme wa upepo, suti nyeusi, tai nyeusi. Alipopigiwa simu aliambiwa mama yake hajisikii vizuri, na lugha hiyo anaijua, kwa hiyo alipakia suti ya msibani moja kwa moja.

Wa kwenye tangi ni Ambakisye, mdogo. Huyu hakungoja kuulizwa. Alimweleza Tumpale kwamba yeye na kaka yake hawajasalimiana miaka sita. Baba yao alipofariki, Ambakisye alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mwani, na aliambiwa kwa simu kwamba baba anaumwa kidogo, akipata nafasi aje. Anaumwa kidogo. Naye akaamini, alikuwa kijana, hajui kwamba anaumwa kidogo maana yake funga safari sasa hivi. Akamalizia wiki yake ya kazi. Alipofika alikuta kaburi limeshafukiwa, na Lusekelo, mbele ya waombolezaji wote, akamwambia mtoto anayemngoja baba yake aoze hana haja ya kumwamkia mtu. Shikamoo yako baki nayo. Akabaki nayo.

“Nani alikupigia hiyo simu?” Tumpale aliuliza.

“Mjomba Asajile,” alisema Ambakisye, akainamia bomba akanawa uso.

*

Waliingia wanne. Tumpale kichwani pa kitanda, Mzee Asajile kulia, Lusekelo kushoto, Ambakisye miguuni. Mbonea alikuwa tayari amekaa kwenye mashine na kazi yake ilikuwa kuhesabu kwa vidole, kimyakimya, ili mgonjwa asione saa.

Mashine ina mistari miwili. Wa chini ni wa moyo, huo kila mtu anaujua. Wa juu ni wa usikivu, unaonyesha kama sauti inafika kichwani au haifiki. Dawa hii ina tabia yake: masikio hurudi ya kwanza, na mwishoni hutangulia kuondoka. Moyo unaweza kuendelea kidogo na macho yakabaki wazi, wakati sauti haiingii tena. Ndugu huwa hawaambiwi hili isipokuwa waulize.

Tumpale alifungua koki ya kutolea dawa. Alijua kabisa anaingia kumdanganya mtu aliyemwamini, na alijiambia sheria ni sheria, akajiambia tena, na mara zote mbili hakujiamini.

Mstari wa juu ukainuka.

Alimwambia Mama Subilaga kwamba ni yeye, yule wa zimamoto, na kwamba ameamka. Rangi ilirudi mashavuni kidogokidogo. Macho yakafunguka, yakazunguka dari ya samawati, yakamfikia Mzee Asajile. Mzee akatabasamu tabasamu la kazi. Akasema mdogo wangu, umetutisha sana, madaktari wamefanya kazi nzuri, unaendelea vizuri, wiki ijayo utakuwa nyumbani. Alilisema vizuri mno. Hata Tumpale kwa nusu sekunde alitamani kuamini.

Lusekelo alisema mama tupo hapa. Ambakisye alimshika vidole vya miguu, akasema tunakupenda mama. Walikuwa wanafuata maelekezo barabara.

Mama Subilaga aliwatazama. Akamtazama mkubwa, akamtazama mdogo, akarudi kwa mkubwa.

“Mbona hamniamkii?” aliuliza.

Mbonea aliinua vidole vya mikono yote miwili, kumi, akakunja kimoja. Tisa.

Mama akaendelea taratibu, kama anayejumlisha. Lusekelo ametoka safari, ameingia chumbani kwa mama yake na tai shingoni, hakumwamkia. Ambakisye vilevile, wakati huyu alifundishwa shikamoo kabla hajajua kutembea. Na wote wawili chumba kimoja. Halafu kaka yake, mtu asiyecheka tangu enzi za mahakama, anacheka. Hapo Tumpale akang'amua. Sheria yake mwenyewe, aliyoiweka kuokoa dakika, ndiyo ilikuwa imemfichulia mgonjwa kila kitu.

Macho ya mama yakapanda juu, yakamtafuta yeye. “Mwanangu wa zimamoto. Tuliagana nini kule kiwandani?”

Mzee Asajile akamtikisia Tumpale kichwa. Si kwa ukali. Alikuwa anaomba.

Tumpale angeweza kunyamaza. Angenyamaza, mama angebaki na wasiwasi tu, na wasiwasi si ukweli. Mzee angeuziba na maneno matamu hadi mwisho. Fomu ipo kwenye faili, sindano yake ingebaki yake. Alimtazama yule mzee na alimhurumia kwa moyo wake wote. Kisha akasema.

“Ini halikutengenezeka, Mama. Zimebaki dakika nane na nusu.”

Mzee Asajile akajifunika uso kwa kofia.

“Asante,” alisema Mama Subilaga, na alishusha pumzi ndefu ya mtu aliyetua ndoo. “Haya. Sasa niamkieni.”

Wakamwamkia. Lusekelo aliinama hadi tai ikagusa shuka. Mama aliipokea shikamoo ya kila mmoja kwa marahaba ndefu, na mkono kichwani, bila haraka hata chembe, na Tumpale aliyekuwa ameharamisha salamu chumbani humo alisimama anatazama na hakuthubutu kuhesabu. Zamu ya mzee ilipofika, mama ndiye aliyemwamkia yeye. Mzee alijaribu kujibu mara mbili. Mara ya tatu akasema marahaba mdogo wangu, akalia kwa sauti, machozi yote aliyowazuilia wenzake miaka yote yakamtoka yeye. Dada yake akampapasa mkono. Akamwambia atulie, yeye haogopi. Akaagiza wasimvishe lile gauni la zambarau maana linambana makwapani. Ambakisye akacheka katikati ya kilio.

Mbonea alionyesha vidole vitano.

“Sasa nina neno,” alisema mama. “Nimelikalia miaka sita. Kila mwaka nasema nitalisema Krismasi, na kama leo mngeniambia nitapona, ningesema Krismasi hii pia. Lusekelo. Siku ile mimi ndiye niliyemtuma mjomba wako apige simu. Baba yenu alikuwa keshakufa, yuko kitandani, nimemfunga kidevu mwenyewe. Nikamwambia mjomba, usimshtue mtoto njiani, mwambie anaumwa kidogo. Mdogo wako hakuchelewa. Nilimchelewesha mimi. Ukamtukana mbele za watu, nikanyamaza. Niliona aibu. Nilikuwa mama yenu na niliona aibu.”

Hakuna aliyesogea. Mzee Asajile alikuwa ameishusha kofia na anatazama sakafu. Siri ile aliibeba kwa ajili ya dada yake siku zote hizo, na lawama akazichukua yeye. Lusekelo alikuwa mweupe midomoni. Alikuwa mtu aliyejijenga juu ya jambo moja kwa miaka sita, na sasa jambo hilo limeondolewa, na aliyeliondoa hana hata robo saa ya kumkasirikia.

Ambakisye ndiye aliyeondoka mahali pake. Alizunguka kitanda, akasimama mbele ya kaka yake, mikono nyuma kama mwanafunzi.

“Shikamoo, kaka.”

Lusekelo alifungua mdomo. Akaufunga. Mbonea aliinua vidole vitatu, baadaye viwili. Mama hakumhimiza. Alisema tu kwamba hamlazimishi, Ambakisye amwache apumue. Tumpale, ambaye hakuwa wa ukoo huo na wala hakupaswa kutaka lolote, alitaka neno lile moja kuliko alivyotaka sindano yake. Ambakisye hakurudi nyuma. Alingoja. Akarudia, chini zaidi, shikamoo kaka, na macho ya mama yakabaki juu ya Lusekelo, yamefunguka, yametulia.

Kidole kimoja.

Kisha Tumpale akaona mstari wa juu unalala. Haukutetemeka, haukupiga kelele; ulilala tu, ukanyooka kama uzi uliovutwa. Mstari wa moyo chini yake ulikuwa bado unaruka. Alihesabu kichwani bila kutaka. Tano. Nane. Kumi na mbili.

“Marahaba,” alisema Lusekelo, na sauti ilitoka imepasuka. “Marahaba, mdogo wangu. Mama, nimeitikia. Nimeitikia, mama.”

Moyo uliruka mara nne, ukasimama. Mzee Asajile akamfumba dada yake macho.

*

Mbonea alipiga simu moja tu, na nyumbani wakainua nguzo. Ilikuwa bado saa nne kasoro; jua lilikuwa linawaka uwanjani na vijana wa zamu nyingine walikuwa wananyoosha mipira ya maji kimyakimya, kwa heshima.

Tumpale aliandika taarifa yake yote, bila kuacha kitu. Kwamba fomu ya ukimya ilikuwepo, kwamba aliiona, kwamba alimweleza mgonjwa. Aliambatanisha karatasi ndefu ya mashine yenye ile mistari miwili. Inspekta angesoma jioni, na kuanzia kesho angekuwa mwosha magari. Alishangaa kwamba haimuumi kama alivyotarajia. Mzee Asajile alipita mlangoni kwake, akasimama, akaonekana anatafuta neno la kumlaumu. Hakulipata. Alimpa mkono, akauacha mkononi mwake kitambo, akaenda zake.

Lusekelo alikuja wa mwisho. Tai ameivua, ameiviringisha kwenye ngumi. Alisimama mbele ya meza kama mtu aliyekuja kuomba kazi, na akauliza bila utangulizi.

“Afande. Alisikia?”

Karatasi ilikuwa pale mezani, kati yao. Mwenyewe asingeweza kuisoma. Tumpale alijua neno gani lingemlaza usingizi mtu huyu miaka yote iliyobaki, na lilikuwa neno dogo, na hakuna fomu wala sheria duniani iliyomzuia kulisema. Alilihisi kabisa ulimini. Akamkumbuka Mzee Asajile alivyoikunja kofia, akaelewa sasa, kwa mara ya kwanza, jinsi inavyokuwa kumpenda mtu ukamdanganya.

“Hapana,” alisema. “Masikio yalikuwa yametangulia. Sekunde kumi na mbili. Mama hakusikia.”

Lusekelo alishika ukingo wa meza. Tumpale akainuka haraka, akamshika mkono, kwa sababu kuwashika watu wasianguke ndiyo kazi aliyoizoea.

“Mdogo wako amesikia,” alimwambia.

Lusekelo alilia hapo hapo, amesimama, suti na yote, kwa muda mrefu. Tumpale hakumwambia nyamaza. Alipomaliza alijifuta kwa tai, akauliza Ambakisye ameelekea wapi. Mbonea, kutoka dirishani, akamwonyesha upande wa tangi la maji, naye akatoka kumfuata.